Punda Asiyechekesha: Landseer na Malkia wa Vichimbakazi

Ndugu Mwenyekiti, walimu wenzangu, wanafunzi wa maigizo mliokaa upande huu na wa uchoraji mliokaa upande ule kana kwamba mmegombana, habari za jioni.

Niliombwa niseme kuhusu mchoraji anayechukua kisa kutoka jukwaani. Mada hiyo ni pana, na tukitaka kuizunguka yote tutalala hapa. Kwa hiyo nimekuja na picha moja. Naomba taa za mbele zizimwe ili ionekane.

Hiyo ukutani ni kazi ya Mwingereza Edwin Landseer. Aliianza mwaka 1848, akaikamilisha 1851. Ni rangi za mafuta juu ya turubai, upana sentimita 133 na kimo sentimita 82, kwa hiyo msidanganywe na projekta: si picha kubwa. Leo iko Melbourne, Australia, katika National Gallery of Victoria. Itazameni. Ni usiku, msituni. Mwanamke mwenye nywele ndefu na vazi jeupe, mwanga umemwangukia yeye kuliko wote, amemwegemea mtu aliyeketi kando yake. Mtu huyo ana mwili wa mwanamume na mikono ya mwanamume, lakini juu ya mabega yake kuna kichwa cha punda kilichovishwa maua. Waliowazunguka ni vichimbakazi, vile viumbe vidogo vya msituni ambavyo Waingereza huwasimulia watoto wao tangu zama. Na kuna sungura weupe, mmoja amepandwa mgongoni.

Nawasikia mnaocheka huko nyuma. Chekeni tu. Lakini jiulizeni mnachekea nini, maana hoja yangu jioni hii ni kwamba ndani ya picha yenyewe kichekesho hakimo. Landseer alikwenda kwenye tamthilia ya kuchekesha, akachagua tukio linalochekesha kupita yote, akalitoa kicheko. Nataka tuone alikitoaje, na akaweka nini mahali pake.

Kwa wasioijua tamthilia, kisa ni hiki. Inaitwa Ndoto ya Usiku wa Kiangazi. Shakespeare aliitunga karibu na mwaka 1595 na ikachapwa mara ya kwanza 1600. Oberon, mfalme wa vichimbakazi, amekosana na mkewe Titania kwa sababu ya mtoto. Mama wa mtoto huyo alikuwa mwanamke wa India, mfuasi wa Titania, akafariki katika kujifungua. Titania anamlea mtoto na hataki kumtoa kwa yeyote. Ana maneno matamu sana pale. Anakumbuka alivyokuwa akiketi na mama huyo ufukweni, usiku, hewa ikinukia viungo, wakitazama vyombo vya wafanyabiashara vikipita na kuyacheka matanga yaliyofura kwa upepo kama matumbo ya waja wazito. Mtu wa Lamu au wa Pemba hahitaji kufafanuliwa hapo. Shakespeare hakuwahi kuiona bahari hiyo, sisi tunaiogelea upande wa pili.

Oberon anaamua kumkomoa mkewe. Anamtuma mtumishi wake Puck alete ua ambalo maji yake yakipakwa kwenye kope za aliyelala, akiamka atakipenda kiumbe cha kwanza atakachokiona, kiwe simba, dubu au nyani. Usiku huohuo mafundi wa mjini wamejificha msituni kufanya mazoezi ya mchezo watakaouonyesha katika arusi ya mtawala wa Athens. Wamo seremala, mshona nguo, fundi wa mivukuto, fundi wa kuziba masufuria. Na yumo Bottom, mfumaji, mwenye kujiona, anayetaka apewe nafasi ya kila mhusika kwenye mchezo. Puck anambandika kichwa cha punda. Wenzake wanatimua mbio. Bottom hajui kilichompata, anadhani wanamtania, anaanza kuimba ili aonyeshe kwamba haogopi. Kwa kuimba huko anamwamsha malkia.

Malkia anauliza ni malaika gani huyu anayemwamsha katika kitanda chake cha maua.

Nyinyi wa maigizo mnajua kwa nini hapo ukumbi mzima hulipuka. Titania anasema kwa mashairi, tena mazuri. Bottom anajibu kwa maneno ya kibarazani: kwamba bibi hana sababu kubwa ya kumpenda, ingawa kusema kweli siku hizi akili na mapenzi havitembei pamoja. Anapewa watumishi wanne, Ua la Njegere, Utando wa Buibui, Nondo na Mbegu ya Haradali, naye anawahoji majina na kuulizia jamaa zao kama mjumbe wa nyumba kumi aliyepata wapangaji wapya. Baadaye anaagiza akunwe kichwa kwa sababu nywele zimemjaa usoni na inambidi aende kwa kinyozi. Akiulizwa angependa chakula gani, malkia akiwa tayari kumletea chochote cha duniani, anataka shayiri kavu na furushi la nyasi.

Sasa sikilizeni ninachosema. Kichekesho hicho chote kiko masikioni. Ni sauti mbili zisizofanana zilizowekwa kitandani pamoja. Ondoa maneno ya Bottom, umeondoa kila kitu kinachochekesha.

Na turubai halina sauti.

Landseer alipolichukua tukio hili, cha kwanza kupotea kilikuwa ulimi wa Bottom. Hatusikii habari za kinyozi wala za nyasi. Tunachobaki nacho ni mwanamke aliyezama katika mapenzi na mnyama anayependwa asiyejua afanye nini na mapenzi hayo. Mchoraji mwingine angepigana na ukimya huo. Angemchora punda amefumbua mdomo, amekenua meno, ili tusikie kwa macho. Landseer hakupigana. Aliupokea.

Hapa lazima niwaletee mhakiki mmoja ambaye siku zote nagombana naye, William Hazlitt. Mwaka 1816 tamthilia hii ilionyeshwa katika ukumbi wa Covent Garden, London, naye akatoka amekasirika. Alisema kwamba ukiisoma ni hadithi ya kupendeza, ikichezwa inageuka maigizo ya kuchosha. Na mfano alioutoa ni kichwa cha Bottom. Kwenye kitabu, alisema, kichwa kile ni ndoto iliyoletwa na uchawi. Jukwaani ni kichwa cha punda basi, vazi la ajabu kwa mwungwana kutokea nalo mbele za watu. Kisha akaongeza kwamba mawazo ya namna hiyo hayawezi kupewa mwili, kama vile tashbihi isivyoweza kuchorwa.

Kuhusu jukwaa nadhani Hazlitt alikosea, na wa maigizo mtaniunga mkono. Jukwaa halitaki usahau kwamba kile ni kinyago. Linataka ukione kinyago, umjue mwigizaji aliye ndani yake, usikie sauti yake ikipita kwenye kitambaa, halafu umwone malkia asiyekiona. Raha iko katika kujua kwetu na kutojua kwake. Kinyago kikiwa kizuri mno, cha kweli mno, watu wataogopa badala ya kucheka.

Lakini aliposema juu ya kuchora, bila kukusudia alikuwa amemwachia Landseer mtihani. Je, kichwa kile kinaweza kuchorwa kikaacha kuwa vazi?

Na hapa ndipo unapofahamu kwa nini kazi hii ilihitaji mtu huyu hasa. Landseer alizaliwa London mwaka 1802, na kuanzia utotoni alikuwa mchoraji wa wanyama. Alionyesha kazi zake Royal Academy, chuo cha sanaa cha London, akiwa na umri wa miaka 13. Mwalimu wake, Benjamin Robert Haydon, alimfundisha kupasua mizoga ili ajue msuli uko wapi na unavuta mfupa gani. Alipasua hata simba. Malkia Victoria alimpa kazi nyingi. Mkifika London mkapita Trafalgar Square, wale simba wanne wa shaba waliolala chini ya mnara ni wake, walizinduliwa mwaka 1867. Yule kulungu dume mwenye pembe kubwa, amesimama kwenye ukungu wa Uskoti, ambaye mmeshamwona kwenye chupa na mabati ya biskuti hata kama hamkujua ni nani aliyemchora, ni wake pia. Tena alionyeshwa Royal Academy mwaka uleule wa 1851 pamoja na picha hii.

Mtu wa namna hiyo hajui kuchora kinyago cha punda. Anajua kuchora punda. Kwa hiyo katika picha ile kichwa hakijabandikwa juu ya mtu. Kina unyevu puani, kina manyoya yanayobadilisha mwelekeo juu ya shavu, kina uzito unaoonekana shingoni. Uchawi ambao Hazlitt alisema jukwaa halina uwezo wa kuufanya, hapa umekwisha kufanyika na hakuna anayeweza kuutoa kwa kuvuta kamba nyuma ya shingo.

Na Landseer alikuwa na tabia moja iliyomletea sifa na lawama kwa pamoja: aliwapa wanyama hisia za watu. Mwaka 1837 alionyesha picha ya mbwa aliyelaza kidevu juu ya jeneza la bwana wake, mchungaji mzee wa kondoo, hakuna mwombolezaji mwingine chumbani. John Ruskin, mhakiki aliyekuwa mgumu kuridhika, aliisifu sana. Wengine walimwona Landseer ni mtu wa kutafuta machozi ya bei rahisi. Mimi kwa mbwa wake wengi niko na hao wa pili. Lakini fikirini: hapa alipewa kiumbe ambacho ni mnyama mwenye hisia za mtu kwa amri ya hadithi yenyewe. Kasoro yake ya siku zote ikawa ndiyo kazi anayotakiwa kuifanya.

Niseme pia nisichokipenda, msije mkadhani nimekuja kuuza picha. Titania mwenyewe ni dhaifu. Uso wake ni wa mwanasesere, ngozi laini kupita kiasi, mikono isiyo na mifupa. Ukimfunika kwa kiganja, ukaacha punda, sungura na maua, picha inapata nguvu. Mchoraji alimheshimu mnyama kuliko mwanamke, na jicho linaliona hilo kabla akili haijapata neno la kulisemea.

Nani aliiagiza? Hapa kuna jambo linalofurahisha. Si lodi mpenda mashairi. Ni Isambard Kingdom Brunel, mhandisi, mtu wa reli ya Great Western, wa madaraja na mahandaki, wa meli kubwa za chuma. Alikuwa akiishi Duke Street, Westminster, nyumba inayotazamana na bustani ya St James's, na akaamua kwamba chumba chake cha kulia chakula kiwe chumba cha Shakespeare. Kuanzia mwaka 1847 aliwaagiza wachoraji waliokuwa na majina wakati huo, kila mmoja alete tukio kutoka katika tamthilia zinazojulikana na watu: Charles Robert Leslie, Augustus Egg, Clarkson Stanfield, Charles West Cope, na shemeji yake mwenyewe John Callcott Horsley. Landseer alikuwa mmoja wao. Na katika maisha yake yote ya kuchora, vichimbakazi aliwachora hapa tu.

Brunel alikuwa pia mtu wa kiinimacho. Mwaka 1843, akiwafanyia watoto mazingaombwe ya kutoweka kwa sarafu, sarafu ilitoweka kweli: ilimwingia kwenye koo la pumzi. Ilikaa huko majuma kadhaa, madaktari wakashindwa, hadi akafungwa kwenye ubao uliobuniwa na yeye mwenyewe, akapinduliwa miguu juu kichwa chini, sarafu ikadondoka. Natamani kujua alikuwa akifikiria nini wakati wa chakula akimtazama Bottom, mtu mwingine aliyepatwa na mazingaombwe kuanzia shingoni kwenda juu.

Nimesoma mara nyingi, nanyi mtasoma, maelezo kwamba Waingereza wa enzi ya Malkia Victoria walichora vichimbakazi kwa sababu walichoshwa na moshi wa viwanda; kwamba walikimbilia msituni kuiepuka mashine. Maelezo hayo yanapendeza, nayo yana ukweli kiasi. Lakini yanagonga mwamba kwa Brunel. Kama kuna mtu hakuikimbia mashine ni yeye, na ndiye aliyelipa. Mimi naona sababu zilizo karibu zaidi na kazi yetu.

Ya kwanza ni jukwaa lenyewe. Kwa miaka zaidi ya mia moja tamthilia hii ilikuwa ikikatwakatwa. Samuel Pepys aliitazama mwaka 1662 akaandika katika shajara yake kwamba hajapata kuona mchezo wa kipuuzi kama ule maishani. Baada yake watu walichukua vipande wakatengeneza nyimbo na dansi. Ni mwaka 1840 tu ndipo Madame Vestris, pale pale Covent Garden, alipoirudisha ikiwa na sehemu kubwa ya maneno ya Shakespeare, yeye mwenyewe akiigiza Oberon. Miaka mitatu baadaye Mendelssohn alikamilisha muziki wake wa tamthilia hiyo huko Ujerumani. Kizazi cha Landseer kwa hiyo kilikuwa na bahati ya kuipata kama kitu kipya.

Ya pili ni mwanga. Kumbi za London zilianza kutumia taa za gesi mwaka 1817, na miaka ishirini baadaye ikaja taa ya chokaa, kipande cha chokaa kinachochomwa kwa moto mkali hadi kinatoa mwali mweupe unaoweza kuelekezwa kwa mtu mmoja jukwaani huku wengine wakibaki gizani. Kabla ya hapo mwezi wa jukwaani ulikuwa mishumaa na kuvumiliana. Rudini kwenye picha. Mwanga ule uliomwangukia Titania, mweupe, wenye ukingo, usiofika kwenye miti ya nyuma, mwezi gani wa kweli unaangaza hivyo? Katika hilo Landseer hakuliacha jukwaa. Aliacha maneno, akachukua taa.

Ya tatu haisemwi sana mbele ya wazee, lakini lazima niiseme. Vichimbakazi walikuwa ruhusa. Mwanamke uchi akiwa jirani yako ni fedheha. Akiwa na mabawa, au akiwa na kimo cha kidole gumba, ni Shakespeare. Joseph Noel Paton, Mskoti wa Dunfermline, alichora ugomvi wa Oberon na Titania mwaka 1849. Picha iko Edinburgh, nayo imejaa miili mitupu kila kona, imefumana, inabusiana, inaning'inia kwenye majani. Watu wazima wenye heshima zao waliisogelea na lenzi. Lewis Carroll, yule aliyekuja kuandika hadithi ya mtoto Alice, aliiona mwaka 1857 akahesabu vichimbakazi 165. Mtu akikuambia amehesabu 165, ujue alisimama hapo muda mrefu.

Landseer hakuhitaji uchi huo. Yake ina jambo zito zaidi limekaa wazi: malkia anamkumbatia mnyama, na kwenye tamthilia tunajua anampeleka kulala. Jukwaani kicheko ndicho kinachotupitisha hapo salama. Tunacheka, tunaendelea. Picha imekiondoa kicheko, na imekiacha kitu hicho mezani kwa mhandisi, kati ya sahani za supu. Sijaona ushahidi kwamba wageni wa Brunel walikosa raha. Nadhani punda alikuwa mpole mno kwao kulifikiria.

Mlinganishe na aliyemtangulia. Henry Fuseli, mzaliwa wa Zürich aliyehamia London, alichora tukio hilohilo karibu na mwaka 1790, kwa ajili ya jumba la michoro ya Shakespeare ambalo mchapishaji John Boydell alikuwa amelifungua mwaka 1789. Iko Tate, jumba la sanaa la London. Ni kubwa kuliko ya Landseer mara dufu na zaidi, na Titania yuko uchi amenyanyua fimbo juu ya kichwa cha Bottom. Pembeni kuna mwanamke kijana aliyevaa kimitindo, anamwongoza kizee kidogo kwa kamba kama mbwa wa mapambo. Fuseli hakufuta kicheko, alikigeuza kuwa kejeli yenye meno: wanawake wametawala, wanaume ni vitu vya kuchezea. Tukio lilelile, na maana imegeuka kabisa.

Na mlinganishe na Richard Dadd. Huyu nikianza kumzungumza hatutamaliza, lakini siwezi kumruka. Alizaliwa Chatham mwaka 1817. Mwaka 1841 alichora Titania amelala, picha ambayo leo iko katika jumba la Louvre, Paris, akaonekana kuwa ndiye atakayewashinda wote katika fani hii. Akasafiri na mwanasheria mmoja hadi Misri na Shamu, akarudi akili imeharibika, akiamini anapokea amri za mungu Osiris. Mwezi wa Agosti 1843 alimuua baba yake. Maisha yake yote yaliyobaki, zaidi ya miaka arobaini, yalikuwa ndani ya hospitali za wagonjwa wa akili, kwanza Bethlem kisha Broadmoor, na huko ndiko alikochora Oberon na Titania kwa mara nyingine, kati ya 1854 na 1858, kwa ajili ya daktari wake William Charles Hood. Titania wa Dadd ni mkubwa, mzito, anakanyaga maua bila kutazama chini. Kila jani limechorwa kama linamtazama mtu. Hapo pia hakuna kicheko, lakini kwa Dadd hakuna aliyekiondoa. Hakikuwapo tangu mwanzo.

Landseer naye hakuwa na afya ya akili iliyotulia. Alipatwa na maradhi hayo mwaka 1840 akiwa na umri wa miaka 38, na yakawa yakimrudia hadi kifo chake mwaka 1873. Sipendi wanaosoma ugonjwa wa mtu ndani ya kila mti aliouchora, kwa hiyo naishia hapo.

Brunel alifariki mwaka 1859, michoro yake ikauzwa. Hii yetu ilipita katika mikono kadhaa hadi mwaka 1932, iliponunuliwa kwa ajili ya Melbourne kwa fedha alizoziacha Alfred Felton, mfanyabiashara wa madawa wa mji huo. Lakini watu wengi zaidi waliijua kwa karatasi. Samuel Cousins aliinakili kwenye bamba la kuchapia mwaka 1857, nakala zikaingia majumbani. Siku hizo mchoraji kama Landseer alipata fedha nyingi kutokana na haki za kuchapa kuliko turubai lenyewe. Wachoraji, mnisikilize hapo.

Na yule sungura. Lewis Carroll, mhesabu vichimbakazi wetu, aliiona pia picha hii mwaka 1857, na katika shajara yake aliyoyasifu zaidi ni mawili: kichwa cha punda na sungura mweupe. Miaka minane baadaye kikatoka kitabu ambacho mtoto anamfuata sungura mweupe shimoni. Siwezi kuapa kwamba ni sungura huyu. Lakini aliandika kwa mkono wake kwamba alimwona.

Kuna swali nimeulizwa mlangoni na mwanafunzi mmoja, kwamba haya yanatuhusu nini. Mwalimu Nyerere alipotafsiri Shakespeare alichagua Kaizari na mabepari wa Venisi. Msitu wa Titania hakuugusa, na namwelewa, nchi changa ilikuwa na mijadala mingine. Lakini mwaka 2012 waigizaji kutoka Nairobi walicheza komedi nyingine ya Shakespeare kwa Kiswahili, London, katika Globe, ukumbi uliojengwa upya kwa mfano wa ule wa Shakespeare: ile ya wake wa Windsor. Mnajua inavyoisha? Mwanamume mnene mwenye tamaa anaitwa msituni usiku, amevaa pembe za mnyama kichwani, na watoto waliojifanya vichimbakazi wanamfinya hadi anapiga kelele. Ni Bottom tena, ila huyu kichwa amejivika mwenyewe. Komedi ile imeshachezwa kwa lugha yetu. Sijaona bado mchoraji wetu aliyeichora.

Atakayeichora kati yenu ataamua kwanza kile alichoamua Landseer: kwenye ukimya wa turubai, ni sauti ya nani aiache ipotee. Ukimnyamazisha mnene, utapata mateso ya mzee mmoja porini. Ukiwanyamazisha watoto, utapata kitu kingine ambacho mimi sijui kitakuwaje.

Taa zisiwashwe bado. Kabla ya maswali, wa uchoraji sogeeni karibu na ukuta mtazame mikono ya Bottom, jinsi mchoraji wa wanyama alivyohangaika alipofika kwenye vidole vya mtu. Wa maigizo, Mwenyekiti ana nakala za tukio la malkia kuamka. Nataka wawili wajitolee kulisoma kwa sauti picha ikiwa hapohapo ukutani. Mwenye sauti nzito zaidi awe Bottom.